Samaki Wanaomsalimu Zéphyrin

Mtaa mzima wa Mvara unamjua Zéphyrin, na kama hujamwona basi umemsikia. Ni yule Mkongo mwenye duka la vitenge na magodoro mjini Arua, anayevaa viatu vyeupe msimu wa tope, anayeimbisha kwaya Jumapili huku mikono imepaa juu kana kwamba anafukuza nyuki. Majirani wanamwita Papa Mireille, kwa jina la binti yake. Si mtu mbaya. Hilo liwekwe wazi mapema, maana yatakayofuata si mazuri, na mtu asije akadhani tunamwonea bure. Hanywi, hapigi mtu, karo ya shule analipa, na mgeni akibisha kwake hatoki na njaa. Ila ana ugonjwa mmoja: pasipo mtu wa kumtazama, Zéphyrin hafanyi kitu. Hata mswaki anapigia barazani.

Mkewe ni Keji, Mkakwa wa Koboko. Mbele za watu hakuna mwanamke aliyependwa kama Keji. Kanisani walivaa kitenge kimoja, yeye na mumewe na mtoto, na ibada ikiisha Zéphyrin alimshika mkono akamzungusha uani mwa kanisa mpaka kila mtu ahakikishe kwamba kweli wameoana. "Malkia wangu!" alisema kwa sauti ya kusikika barabarani. Wakishafika nyumbani na lango likifungwa, alikuwa akifungua redio yake kubwa, akaketi, na malkia akabaki na sufuria zake. Keji akimwambia paa linavuja, alijibu "Mmh." Akimwambia Mireille anakohoa, "Mmh." Redio ikiimba rumba, mguu wake ukipiga chini taratibu, macho ameyafumba kwa raha.

Siku iliyoharibu mambo, Zéphyrin alikuwa na wageni, wafanyabiashara wenzake waliovuka mpaka kutoka Ariwara. Asubuhi Keji alimwambia, "Baba Mireille, mimi nasikia baridi. Mwili yote inauma." Akajibiwa ile "Mmh" yake ya kila siku. Basi akapika hivyo hivyo na homa yake, akaleta chakula, akasimama mlangoni na sinia mkononi, meno yakigongana, mdomo umeachama, asiweze hata kusema karibuni. Zéphyrin akamgeukia, akawaambia wageni kwa furaha, "Muone! Muone bibi yangu anavyocheka! Huyu anapenda wageni, mpaka raha!" Wageni wakacheka naye. Keji akaliweka sinia chini kwa adabu, kisha akaanguka kando yake.

Malaria ilimlaza hospitali. Alipotoka hakugombana na mtu. Alimvalisha Mireille, akafunga nguo zao kwenye mfuko, akasema anakwenda kwa mama yake kupumzika kidogo. Wakapanda gari la Koboko. Mapumziko hayo yakawa marefu, simu zikawa fupi, na Zéphyrin akaanza kuwaambia watu kwamba mke wake yuko likizo.

Mwishowe akaenda kumfuata kama desturi inavyotaka, pamoja na wazee wawili wa kanisa, kreti za soda, na shati jipya la maua. Mama mkwe wake, Mama Pitia, aliwapokea vizuri, akawapa viti, akawapa maji, akawapa karanga. Ni mwanamke wa jembe, mfupi, mwenye sauti ya chini inayokulazimu kuinama umsikie. Zéphyrin akasema, na alisema kweli kweli. Alitaja upendo, alitaja Agano Jipya, alitaja machozi yake mwenyewe. Wazee wa kanisa walitikisa vichwa kwa kuguswa. Mmoja nusura apige makofi.

"Mkwe wangu," Mama Pitia akasema alipomaliza, "maneno yako iko tamu sana. Mimi nataka kuuliza kitu moja tu. Siku ya harusi tulikupa mbuzi. Iko wapi?"

Zéphyrin akakohoa. Mbuzi alijinyonga kwa kamba yake mwenyewe siku ambayo hakuna aliyekumbuka kumhamisha.

"Na kuku nilileta mimi? Ile ya manyoya nyekundu?"

Kuku nao walikufa, mmoja mmoja.

"Keji alipanda mchicha nyuma ya jiko. Alipolala hospitali, nani alimwagia maji?" Mama Pitia akamwangalia kwa huruma, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko tusi. "Mimi siko na hasira na wewe. Lakini mtoto yangu naye iko na roho, sawa na mbuzi. Rudi kwako. Fuga kitu. Kwa mkono yako, hapana kuajiri mtu. Ipite kiangazi, ipite mvua. Kama bado inapumua, tutakuja kuangalia."

"Na kama inapumua, munanirudishia bibi yangu?"

"Keji iko na mdomo," Mama Pitia akasema. "Muulize."

Keji alikuwa ameketi kwenye mkeka, anamsuka Mireille. Hakuinua kichwa. "Mimi nitakuja kuangalia," alisema, akaendelea kusuka.

Basi akarudi Mvara na kazi ya kuchagua mnyama. Mbuzi analia. Kuku anachafua viatu. Sungura alimfikiria kidogo, akaona hana heshima. Halafu siku moja akaona bwawa la samaki nyuma ya nyumba ya tajiri mmoja, maji yakirushwa juu na mashine na watu wamesimama wanayatazama, na moyo wake ukapasuka kwa tamaa. Samaki! Hapigi kelele, haombi, hajibu. Katika viumbe vyote alivyoumba Mungu, hakuna aliyemfaa Zéphyrin kama samaki.

Alichimba mwenyewe, hatuwezi kumnyima hilo. Kiangazi kilikuwa kimeanza, ardhi ngumu, vumbi jekundu limetanda mpaka kwenye kope, na yeye yuko shimoni na jembe, akituma picha za kila tone la jasho kwenye simu za watu wote wa kwaya. Akatandika turubai nene, akajaza maji, akaenda Logiri kwa mfugaji mmoja kuchukua vifaranga vya samaki aina ya ngege. Yule mfugaji akamweleza yote. Samaki anavuta hewa iliyo ndani ya maji, akasema. Mchana jua na ule ukijani wa maji vinawasaidia, hawana neno. Hewa inapungua usiku, na inakuwa mbaya kabisa alfajiri, na inakuwa mbaya zaidi joto likizidi au mawingu yakikaa. Mashine yako iwashe usiku mpaka jua lipande. Umenisikia, mzee?

"Mmh," akasema Zéphyrin.

Alinunua mashine, ndiyo. Pampu nzuri, paneli ya jua juu ya bati, na betri kubwa ya kuhifadhi umeme wa mchana. Akaifunga ile pampu kwa namna yake: bomba likaelekezwa juu, ili maji yaruke kupita ua wa matete na mpita njia ayaone. Kila siku jua likiwaka chemchemi ya Papa Mireille ilikuwa angani, bodaboda wanapunguza mwendo, wanafunzi wanasimama, wake kwa waume wanasema loo. Jioni jua likizama, aliizima. Kwani nani atayaona maji gizani? Betri ikaingizwa ndani ikafanya kazi ya maana: redio, na taa za rangi alizozitundika barazani. Samaki wakala rumba mpaka asubuhi.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga, na bwawa lile lilitembezwa mji mzima.

Kiangazi kikakaza. Maji yakashuka, yakawa ya kijani kizito, jua mchana kutwa likiyachemsha. Asubuhi moja Zéphyrin alitoka na mswaki wake mdomoni, akaona ajabu. Samaki wote wako juu. Wamejipanga juu ya maji, midomo nje, wanafungua na kufunga, wanafungua na kufunga, wote wanamwelekea yeye. Alitoa mswaki.

"Bonjour," akasema.

Wakafungua midomo.

Maskini, alitokwa na machozi. Lazima tuseme ukweli, alitokwa na machozi ya kweli. Nyumba ile ilikuwa kimya muda mrefu, hakuna aliyemwambia habari za asubuhi tangu Keji aondoke, na sasa kundi zima la viumbe limeamka mapema kumsalimu. Akakimbilia kwenye ua akamwita jirani yake, Driciru, Mlugbara anayekaanga kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, za kuuza shuleni na mwenye ulimi unaokaanga kuliko mafuta yake.

"Mama Driciru! Kuya uone! Samaki bananisalimia!"

Driciru akaja na mwiko mkononi. Akatazama. Akamtazama mwenye samaki. Akatazama tena.

"Papa Mireille, samaki inasalimia mtu tangu lini?"

"Banajua baba yao."

"Na wanasema nini?"

"Banasema bonjour."

Driciru akashika ua kwa mikono miwili. Alicheka mpaka kabalagala zikaungua. Alipopata pumzi akasema, "Mimi naona kama wanalia njaa. Au maji iko mbaya. Inanuka, maji yako." Lakini wakati huo jua lilikuwa limepanda, na samaki mmoja baada ya mwingine wakazama wakapotea kwenye ukijani.

"Wamemaliza kusalimu," Zéphyrin akamweleza, "sasa banaenda kazi."

Sikio la kufa halisikii dawa. Kuanzia hapo ikawa desturi. Kila asubuhi wakati kungali kijivu, Zéphyrin alisimama ukingoni na kuinua mikono kama Jumapili, na samaki wakafungua midomo. Akawaita watu wa kwaya. Wakaja, wakastaajabu, mmoja akasema hata katika Zaburi imeandikwa kila chenye pumzi kimsifu Bwana. Kila chenye pumzi, ndiyo! Wakapiga picha, wakaondoka wakijadili imani. Hakuna aliyejiuliza kwa nini kwaya hii inaimba alfajiri tu, na kwa nini siku za joto kali inaimba kwa bidii zaidi. Asubuhi nyingine alimkuta mwimbaji mmoja ameelea tumbo juu. Huyo alimwokota haraka kabla watu hawajaja, akamzika nyuma ya jiko, palepale ulipokufa mchicha. Alisema moyoni kwamba huyo alikuwa mvivu.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Koboko ikamtuma Pitia, kaka yake Keji, kuja kuangalia. Pitia ni mtu wa maneno machache, fundi wa baiskeli, na alifika saa sita mchana. Chemchemi ilikuwa inaruka mpaka kwenye bati. Pitia akaizunguka, akainama, akatazama maji yaliyotulia.

"Samaki iko wapi?"

"Iko kazi," Zéphyrin akasema, na kisha, kwa sababu Pitia alimtazama vibaya, akarusha pumba. Samaki wakaja wakala. Pitia akatikisa kichwa kukubali, akala wali, akarudi kwao. Taarifa yake yote ilikuwa neno moja: iko.

Zéphyrin alikasirika kwamba mgeni ameondoka bila kusalimiwa. Ndipo akapata wazo la kurekodi video. Kesho yake alfajiri akashika simu juu ya maji, akasema kwa sauti ya mapenzi, "Keji wangu, malkia wangu, angalia familia yetu inavyokusalimu," na midomo yote ikafunguka na kufungwa, kufunguka na kufungwa. Akaituma Koboko. Akangoja. Akaweka simu juu ya meza, akakaa karibu nayo, na mara hii redio hakuifungua.

Keji akapiga. Yeye mwenyewe, kwa simu yake mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Zéphyrin aliinuka wima kama anayepokea mkuu wa wilaya.

"Baba Mireille."

"Malkia!"

"Hii umepiga saa ngapi?"

"Asubuhi sana. Banaamka mapema kunisalimu."

"Kila siku?"

"Kila siku! Siku ya mawingu ndiyo banasalimia sana."

Mireille alisikika kwa mbali akimwita kuku.

"Na ile mashine? Usiku inafanya kazi?"

"Usiku? Ya nini? Usiku nani anaangalia?" Akacheka. Mwenzake hakucheka. "Halafu sasa ni mvua, tangu Pitia alirudi mashine nimefunga kabisa. Mungu amefungua pampu yake, maji inaanguka toka mbinguni bure. Mutu gani anashindana na Mungu?"

"Nitakuja na mama," Keji alisema. "Hatungoji mvua ikatike."

Alipokata simu Zéphyrin alicheza. Peke yake, bila mtazamaji, na hiyo iwekwe kwenye kumbukumbu kwa sababu haijatokea tena. Nimempata, alijiambia. Ameona samaki wanavyonipenda, na yeye moyo umelegea. Ukweli ni kwamba kumkosa mwanamke yule kulimwuma vibaya sana. Ugali wake ulikuwa unaungua chini na kubaki mbichi juu. Usiku aliamka akaenda kumfunika mtoto ambaye hayuko. Lau angemwambia Keji hayo, badala ya umalkia, pengine habari hii isingekuwapo. Lakini ugali ulioungua si kitu cha kuonyesha watu.

Wiki ya ujio mvua haikukatika. Mbingu iliinama juu ya Arua ikakaa hapo, wingu juu ya wingu, jua halikuonekana hata la kukausha soksi. Paneli ilipata nuru kidogo tu, na kidogo hicho kikaenda kwenye redio, maana mtu aliyempata mkewe anahitaji muziki. Maji ya mvua yalitiririka toka bati yakachafua bwawa, ya juu yakawa baridi na ya chini yakapanda yakiwa na harufu yake. Driciru akaziba pua akapaza sauti juu ya ua, "Papa Mireille! Maji yako leo imeoza kabisa! Washa ile kitu yako!"

"Mmh," Zéphyrin akajibu. Alikuwa anapiga pasi suti.

Jioni ya mwisho akaona samaki wake wamekonda kidogo kwa macho ya mama mkwe. Akaleta gunia la pumba akalimimina lote, akaongeza na ugali ulioungua wa siku mbili. Wanenepe! Pumba zikaelea, zikalowa, zikazama kuoza na nyingine za zamani. Kisha akaenda kusikiliza rumba ya shangwe mpaka betri ikafa.

Aliwaambia wakweze waje na gari la kwanza, kabla samaki hawajaenda kazini, na wakaja. Kulikuwa bado kijivu, mvua imekuwa manyunyu. Lango likafunguliwa na watu wa kwaya waliovaa sare. Mama Pitia akashuka na mwavuli, Keji nyuma yake na mkoba mmoja mdogo begani. Mireille walimwacha Koboko, shuleni. Zéphyrin alimwona mkewe: alikuwa amenenepa, ngozi inang'aa, anatembea bila haraka. Alitaka kumwambia, umependeza. Lakini kwaya ilikuwa inangoja, na watu wamejaa mpaka uani kwa Driciru.

"Mama mukwe! Keji wangu! Kuyeni, kuyeni mupokee salamu!"

Akawaongoza ukingoni. Na kweli walikuwapo. Hawajawahi kuja wengi vile. Maji yote yalikuwa midomo, ukingo hadi ukingo, wamebanana, wanaparamiana, wengine wamesimama wima kabisa na vichwa nje, midomo inafunguka kwa haraka isiyo na mpango. Watu wakaguna kwa mshangao. Zéphyrin alihisi fahari imempanda mpaka masikioni.

"Muone!" akapiga kelele. "Leo bamekuja bote! Bamejua mama yao amerudi!"

Akainua mikono. Kwaya ikashika wimbo wa sifa, sauti nne, makofi na vigelegele, na Zéphyrin akaimbisha, mkono mmoja kwa watu na mmoja kwa samaki. Katikati ya ubeti wa pili samaki mmoja mkubwa akageuka ubavu. Akaonyesha tumbo lake jeupe. Akafuata mwingine. Zéphyrin akaimbisha kwa nguvu zaidi.

"Nyamazeni," Keji akasema.

Hakupiga kelele, lakini wimbo ulikatika. Kikabaki kile kisauti kidogo cha midomo ikipasua uso wa maji, pwa, pwa, pwa, kila mahali.

"Hawasalimii, Baba Mireille. Wanakosa hewa."

"Hapana, wewe hujui, banafanya hivi kila—"

"Tangu kiangazi wanakosa hewa. Niliona kwa simu."

"Unajuaje wewe? Wewe si mutu wa samaki!"

Keji akamgeukia. "Mimi nilisimama mlangoni na homa, mdomo wazi vilevile," alisema. "Ukawaambia wageni ninacheka."

Wanakwaya wakatazama viatu vyao. Zéphyrin akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Maana yake ikamwingia. Ilimwingia pale pale mbele ya watu wote aliowaalika yeye mwenyewe, na aliona aibu kiasi cha kutaka turubai limfunike.

"Betri iko wapi?" Keji akauliza.

"Kwa redio," akasema kwa sauti ndogo. "Imekufa."

Keji akavua viatu, akakunja gauni, akachukua beseni la kufulia akaingia majini mpaka mapajani. Akachota, akainua juu ya kichwa, akamwaga, maji yakapasuka na povu. Akachota tena. "Unangoja nini wewe?" akamwuliza mumewe. Zéphyrin akaingia na suti yake na viatu vyake vyeupe, akaanza kupiga maji kwa mikono. Kwaya nayo ikatafuta sufuria, ndoo, sinia, karai. Driciru akaruka ua akaja na sufuria yake ya mafuta. Mama Pitia alikaa chini ya mwavuli akashika mkoba wa bintiye. Walipiga maji asubuhi yote, bila wimbo, bila picha, matope yanawarukia usoni. Zéphyrin mikono ilimwuma mpaka mabegani na hakuacha, na kila alipookota samaki aliyekufa hakumficha, alimweka ukingoni mbele ya mama mkwe wake.

Kufika mchana wingu likachanika. Jua likatoka, kwanza kwa woga, kisha likawaka, na pampu, ambayo Driciru alikuwa ameiwasha, ikakohoa ikaanza kurusha maji. Wale samaki waliobaki walipunguza kufungua midomo. Mmoja akazama. Wakafuata wawili, kisha kundi zima, na maji yakabaki yametulia na kijani, hakuna hata mdomo mmoja.

Mama Pitia akainuka. Akawatazama waliokufa, akayatazama maji. "Mimi nilisema kama inapumua," alisema. "Hii imekufa, ile iko hai. Mimi nimemaliza. Mwenye mdomo atasema."

Zéphyrin alikuwa bado majini, suti imemgandia mwilini. Alikuwa anatafuta, anainama huku na huku, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa akitazama kama watu wanamwona.

"Wameenda wapi?" alimwuliza mkewe. "Keji, bote bameniacha. Wako wapi?"

"Wamepona," Keji akasema.

Akatoka majini, akakamua gauni, akavaa viatu vyake. Akachukua mkoba kutoka kwa mama yake, wakaenda kutafuta gari la Koboko.